Naomba ushauri: kupiga magoti ukweni
Habari zenu ndugu zangu. Nina miaka 27, mzaliwa wa Tanga, nimeolewa na Mhaya. Somo yangu alinifunda shikamoo, kanga kiunoni na kutopaza sauti mbele ya wakubwa, nami nayashika mpaka leo. Desemba tunakwenda Bukoba, mara yangu ya kwanza tangu ndoa. Wifi amenitahadharisha: huko mwanamke husalimia kwa kupiga magoti, si kwa wakwe tu, hata kwa mashemeji. Kwa mama mkwe sina neno, nampenda. Ila shemeji niliyemzidi umri, roho inasita kabisa. Mume anasema nifanye nitakavyo, na hapo ndipo ninapoogopa, maana lawama zitanirudia mimi. Mlioolewa huko, mlifanyaje? Bado wanalishikilia hilo?