Naomba ushauri: chupa za mvinyo zilizobaki moja moja

Wakuu habari zenu. Kabati langu la mvinyo hapa Dar limebaki na chupa moja moja: Pinotage (mvinyo mwekundu) ya Stellenbosch, Afrika Kusini, ya 2015, Bordeaux ya Ufaransa ya 2010, na nyeupe ya Dodoma ambayo rangi imeshaanza kukolea dhahabu. Zikiwa mbili, unaonja moja unajua nyingine ingoje au la. Ikibaki moja huna pa kupimia.

Nyeupe naona tuinywe mapema, maana umeme ukikatika kiyoyozi kinazima na joto la hapa halina huruma. Bordeaux ndiyo inaniumiza kichwa. Mvinyo umeshuka kidogo shingoni mwa chupa. Kizibo kinapitisha hewa, au ni umri tu? Niifungue sasa, au nisubiri harusi ya mdogo wangu Desemba? Mwenye uzoefu anisaidie tafadhali.