Wakili wa utetezi Marekani anabebeshwa dhambi za wateja wake, halafu tunaambiwa ujaji uko wazi kwa wote!

Wakuu, hii ngonjera kwamba wakili yeyote mzuri anaweza kuwa jaji wa shirikisho kule Marekani imenichosha. Kwenye karatasi ni kweli, Katiba yao haidai hata shahada ya sheria. Njia yenyewe sasa!

Mwendesha mashtaka mkuu wa shirikisho katika wilaya ya mahakama huteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Seneti, kwa hiyo maseneta wa jimbo wanamfahamu mapema. Mkuu wa ofisi ya utetezi wa umma, yaani mawakili wanaolipwa na serikali kuwatetea masikini, huteuliwa na mahakama ya rufaa ya eneo lake, kwa miaka 4. Hana seneta. Na hakuna Tume ya Utumishi wa Mahakama ya kupelekea maombi kama Kenya. Kwa mahakama za wilaya jina huanzia mikononi mwa maseneta hao hao, na mmoja wao asiporudisha ile karatasi ya bluu, fomu ya seneta kuonyesha kama anakubali jina, kwa desturi jina linafia hapo.

Ukipenya, unakutana na dodoso la Kamati ya Sheria ya Seneti. Linataka kesi zako 10 kubwa, pamoja na majina ya mawakili wa upande wa pili, maandishi yako na hotuba zako zote. Kazi nzuri kabisa ya mtetezi ni shtaka lililofutwa kimyakimya, au kifungo kilichopunguzwa kwenye makubaliano ya kukiri kosa. Zaidi ya 9 kati ya hatia 10 za shirikisho hupatikana kwa kukiri. Hilo utaliandika wapi? Ukibanwa kwa nini ulijenga hoja fulani, siri ya mteja inakufunga mdomo hata kama kesi iliisha zamani. Mwendesha mashtaka anajibu tu kwamba aliwatetea wananchi.

Jane Kelly alitetea watuhumiwa Iowa tangu 1994, na 2013 Seneti ikampitisha Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 8 kwa kura 96 kwa 0. Safi. Mwaka 2016 jina lake likatajwa kwa Mahakama ya Juu, mara tangazo la televisheni likamshambulia kwa sababu ya mteja aliyemtetea! Ketanji Brown Jackson, mtetezi wa umma 2005 hadi 2007, alihojiwa 2022 kuhusu kuwatetea wafungwa wa Guantánamo, gereza la kijeshi la Marekani kule Cuba, kazi aliyopangiwa na ofisi yake. Akapita 53 kwa 47, wa kwanza kutoka utetezi wa umma kufika Mahakama ya Juu. Hukumu ya Gideon iliyolazimisha masikini wapewe wakili ni ya 1963. Piga hesabu mwenyewe.

Mlango usio na Seneti ni uhakimu wa shirikisho: uwe na miaka 5 ya uwakili, jopo la raia na mawakili likuchuje, majaji wa wilaya wakuteue. Ila ni miaka 8, si maisha, na kesi za makosa makubwa ya jinai huruhusiwi kuziendesha hadi hukumu. Yaani kazi aliyoijua mtetezi maisha yake yote ndiyo hiyo anayonyimwa.

Mnaosema wasubiri zamu yao, njooni mtuambie zamu hiyo huwa inapangwa na nani.