Wanachuja watafiti kwa namba moja ya Scopus, na namba yenyewe imekosewa!

Mkunguni ameanzisha uzi:

Salaam aleikum wadau. Lile tangazo mshaliona, limezunguka kwenye magrupu ya Amu (Lamu) na Malindi: nafasi ya mtafiti wa biolojia ya molekuli, upande wa virusi vinavyoenezwa na mbu. Kitengo sikitaji, mwenye macho kaona. Masharti ya mchujo: h-indeksi isiyopungua 8 kwenye Scopus, hifadhidata ya makala za kitaaluma na nukuu zake, na angalau makala mbili kwenye majarida yenye impakti fakta, yaani wastani wa nukuu za jarida, kuanzia 5. Asiyefika, faili lake halifunguliwi.

Halifunguliwi! Yaani karani anachapa jina kwenye kisanduku, anasoma namba ya kwanza inayotokea, anakata. Haya, tuwaonyeshe wanachokisoma.

h ya 8 maana yake una makala 8 ambazo kila moja imenukuliwa mara 8 au zaidi. Hamna jingine humo. Jorge Hirsch aliyeibuni mwaka 2005 ni mwanafizikia, wala hakuwa na karani wa Malindi akilini. Mchukue mtu mwenye makala 9 zilizonukuliwa hivi: 210, 88, 40, 19, 12, 9, 8, 8, 5. h yake ni 8, kapita. Sasa makala tano zilitoka kwa jina la "Athman" na nne kwa "Athumani", kwa kuwa mara moja lilifuatwa jina la pasipoti na mara nyingine la baruapepe. Scopus inamfanya watu wawili. Wa kwanza anabaki na 210, 19, 12, 8 na 5: h ni 5. Wa pili ana 88, 40, 9 na 8: h ni 4. Mtu yuleyule, nukuu 399 zilezile, na wote wawili wametupwa nje. Wala msiniambie mtajumlisha. 5 na 4 ni 9, na hiyo nayo ni uongo.

Hapa kwetu pwani jambo hili si la nadra. Jina la mtu ni lake, la baba, la babu. Mfumo unachukua neno la mwisho unaliita jina la ukoo, kwa hiyo anayenukuliwa ni babu. Safari nyingine mtu akaandika majina mawili tu, ikawa ananukuliwa baba. Ongeza Swaleh, Saleh na Salih. Ongeza Fatma, Fatuma na Fatima. Ongeza Al- yenye kistari na isiyo na kistari. Kwenye PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, mtu anafupishwa kuwa "Ali MO", na hao kina Ali MO wamejaa tele kuanzia Khartoum hadi Karachi. Ndiyo maana kosa linakwenda pande zote mbili: huyu anapunjwa, yule anabebeshwa makala za daktari wa meno asiyemjua.

Tuje kwenye impakti fakta. Ile ni hesabu ya jarida, si ya makala wala ya mwandishi. Unachukua nukuu za mwaka mmoja kwa yaliyochapishwa miaka miwili iliyotangulia, unagawa kwa idadi ya makala za utafiti na za mapitio za miaka hiyo miwili. Juu zinahesabiwa nukuu za kila kitu, hata tahariri na barua. Chini tahariri na barua hazimo. Na kwa kuwa ni wastani, makala moja inaweza kulibeba jarida zima. Acta Crystallographica A ilikuwa na impakti fakta ya kama 2 hivi. Ya mwaka 2009 ikaruka hadi 49.9, kwa sababu ya makala moja ya George Sheldrick ya 2008 kuhusu programu za SHELX, ambazo wanaochunguza miundo ya fuwele hawawezi kuziepuka. Hao wengine waliochapisha humo kipindi hicho, wakiandikiwa 49.9 kwenye faili zao, walifanya nini cha ziada?

Mnataka mfano wa nyumbani? Chikungunya, homa ya virusi vinavyoenezwa na mbu, ya 2004. Uchunguzi wa damu wa Oktoba mwaka huo ulikuta karibu robo tatu ya watu wa kisiwa cha Amu wameshaambukizwa. Kutoka pwani ya Kenya virusi vikafika Komoro 2005, kisha kisiwa cha Réunion. Huko ndiko lilikotambuliwa badiliko la A226V kwenye protini E1 ya virusi, asidi amino ya alanini kuwa valini, na 2007 maabara ikaonyesha kwamba badiliko hilo peke yake linavisaidia virusi kustawi ndani ya mbu Aedes albopictus. Makala za A226V zimenukuliwa mara nyingi kupita ripoti ya Amu, iliyochapishwa 2008. Je, damu ya Amu ilipimwa vibaya? Hasha. Badiliko la asidi amino moja linamhusu kila mwenye maabara ya virusi, popote alipo. Hesabu ya walioambukizwa kisiwani inawahusu wanaokabiliana na milipuko, nao ni wachache. Kitengo kinatafuta mtu wa virusi vya mbu wa Malindi, halafu kinatumia chekeche linalomwangusha aliyepima Amu. Wallahi nimechoka.

DauLaShela:

Kwa majina niko nawe. Lakini kaka, bila namba kamati itasoma faili 60 vipi? Na wapo wenye makala 30 kwenye majarida ambayo mwandishi hulipia achapishwe, yanayokubali makala kwa siku tano bila kuisoma. Hao utawazuiaje?

Bi_Pipeti:

Kaka Dau, h haiwazuii hao, tena inawapendelea. Wananukuliana wao kwa wao. Nukuu ya kukosoa inahesabiwa sawa na ya kusifu, na makala iliyofutwa huendelea kunukuliwa kana kwamba haijafutwa. Ukitaka kuwakamata, usitegemee nakala za orodha ya Beall ya majarida ya kilaghai, mwenyewe aliizima Januari 2017. Kama jarida linajiita la wazi, yaani la kusomwa bure, litafute kwenye DOAJ, orodha ya majarida ya wazi yaliyohakikiwa. Kisha chukua DOI, yaani namba ya utambulisho, ya kila makala uitafute kwenye hifadhidata ya makala zilizofutwa ya Retraction Watch; tangu 2023 iko chini ya Crossref, shirika linalosajili DOI, na ni bure. Ni kazi ya dakika chache. Halafu tazama picha. Elisabeth Bik na wenzake walipitia makala 20,621, wakatoa matokeo 2016: karibu 4 katika kila 100 zilikuwa na picha zilizorudiwa kwa namna ya kutiliwa shaka. Mkanda wa jeli, ile alama ya protini kwenye picha ya maabara, uliogeuzwa juu chini ukaitwa protini nyingine hauonekani kwenye h ya mtu.

Na mpangilio wa majina! Katika fani hii wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyeshika pipeti, yaani aliyefanya majaribio, wa mwisho ndiye mwenye maabara na fedha. Wa katikati huenda alifanya uchanganuzi wote wa kompyuta, huenda alituma mirija kumi ya sampuli tu. h inawapa wote alama ileile. Kile kinyota cha "wamechangia sawa" mara nyingi kinaishia kwenye ukurasa wa makala, kwenye orodha ya Scopus hukioni. Ndiyo maana ufungue makala usome sehemu ya michango ya waandishi. Majarida mengi sasa yanatumia majukumu 14 ya CRediT, mfumo wa kutaja michango, unaona nani alifanya majaribio na nani aliandika.

Yapo pia yasiyohesabiwa kabisa. Mtu kaweka mfuatano wa jeni za virusi GenBank, hifadhidata ya umma ya mifuatano ya jeni, maabara nyingine zikautumia kubuni praima zao, vile vipande vifupi vya DNA vya kupimia virusi, zikataja namba ya GenBank ndani ya maandishi bila kuitia kwenye orodha ya marejeo. Nukuu: sifuri. Marejeo yaliyosukumwa kwenye faili la nyongeza nayo kwa kawaida yanapotea. Upande wa pili, makala iliyonukuliwa kuliko zote, zaidi ya mara 300,000, ni ya Lowry ya 1951, njia ya kupima kiasi cha protini. Ni njia nzuri, lakini Lowry mwenyewe hakuiona kuwa kazi yake kubwa.

Kuhusu faili 60: mwambie kila mwombaji achague makala tatu, aandike mistari mitano kwa kila moja, alifanya nini kwa mkono wake. Kurasa mbili kwa mtu. Kamati isiyoweza kusoma kurasa 120 itamsimamia vipi mtafiti?

DauLaShela:

Hapo sawa. Ila tarehe ya mwisho haitungoji. Mwenye wasifu uliogawanyika afanye nini leo?

Mkunguni:

Aanze na ORCID, namba ya utambulisho ya mtafiti, tarakimu 16, ni bure. Kwenye sehemu ya majina mengine aandike kila tahajia aliyowahi kuchapia, hata ile ya aibu. Airuhusu Crossref iingize makala mpya yenyewe.

Scopus ndiyo kazi. Atafute kila tahajia, na pia jina lililopinduliwa, la babu mbele. Atie alama wasifu zote zilizo zake, aombe ziunganishwe, achague jina moja la kuonyeshwa, aondoe makala zisizo zake. Hizo za daktari wa meno aziondoe hata kama zinampandisha, kwa sababu kamati ikizigundua ndiyo basi. Marekebisho hayaji siku hiyohiyo, kwa hiyo ahifadhi ujumbe wa kuthibitisha kwamba ombi limepokelewa.

Google Scholar: preprinti (rasimu iliyowekwa mtandaoni kabla ya kuhakikiwa) na makala yake vikitokea mara mbili, atie alama zote mbili aziunganishe, na azime ile ya kuongeza makala bila kuulizwa. Asichukue namba ya huko akaiweka penye namba ya Scopus. Scholar inahesabu hadi tasnifu na preprinti, kwa hiyo huwa juu, na kamati itamwita mwongo.

Kisha barua. Orodha ya makala zote pamoja na DOI, nafasi ya jina lake katika kila moja, nukuu kutoka chanzo kimoja na tarehe aliyozihesabu, na ule ujumbe wa Scopus nyuma. Aulize kwa maandishi kama mfadhili wa kitengo ametia saini tamko la DORA, lililotolewa 2013, linalokataza kutumia impakti fakta ya jarida kumpima mtafiti katika ajira. Majina ya waliotia saini yako wazi kwenye tovuti yao, atazame kabla ya kuuliza. Barua iwe nakala mbili, na ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa palepale kaunta.

Wenye tahajia zaidi ya tatu njooni inbox, tuzitafute pamoja kabla ya Ijumaa.