Tupeane uzoefu: mapaja ya kuku mnayapikaje yakolee mpaka mfupani?

Habari za jioni wapendwa, mi nipo Tanga mjini, Makorora. Leo naomba tuongelee mapaja ya kuku maana nimeyapika miaka na miaka, jikoni yananukia mpaka jirani anauliza, ila ukiuma tu utamu wote uko kwenye ngozi, ndani kweupe hamna kitu. Tangawizi naweka, thomu naweka, bizari, ndimu, vyote tena kwa wingi. Kumbe viungo vingi vinabaki juu juu tu, kinachozama ndani ni chumvi, na chumvi inataka muda. Sa hivi nikitoka sokoni Mgandini nayafuta maji yakauke, kilo moja naipaka vijiko viwili vya chai vya chumvi, hadi chini ya ngozi, yanalala kwenye friji, kesho yake jioni ndo naweka viungo. Siku ya kwanza mume wangu alitafuna mpaka gegedu. Haya leteni ya kwenu, tena semeni na mlipoharibia.

Wa Chumbageni
Mi niliharibia kwenye ndimu dada. Nililaza na ndimu usiku kucha nikijua ndo itakolea, asubuhi nyama imepauka juu kama imeshachemshwa, kupika ikawa inamung'unyika kama chaki. Sa hivi ndimu nusu saa tu, basi.

Mama wa Sahare
Kwangu mapaja ni ya nazi, sina mjadala. Nakuna nazi mbili, tui zito naliweka pembeni, la pili ndo napikia. Mapaja nayakaanga kwanza, ngozi chini, moto mdogo, usiyageuze geuze, yaache yatoe mafuta yenyewe mpaka usikie ule mlio wa kuchachatika umepungua na ngozi imeachia sufuria yenyewe, ukilazimisha inachanika. Halafu kitunguu kwenye mafuta hayo hayo, nyanya, bizari, tui la pili, funika dakika 30 hivi, usiogope kwamba yataiva sana, paja si kidari, lina mafuta na mishipa, likikaa motoni ndo linalainika. Tui zito mwishoni, na hapo ukoroge usiondoke, mi niliwahi kwenda mlangoni kupokea mgeni kurudi tui limekatika, mabonge huku maji kule, nililia kabisa maana wageni walikuwa wakwe. Ndimu kamua ukishaepua.

Kaka wa Duga
Mi nachoma mkaani. Zamani nje yanaungua, ukifika mfupani mbichi. Dawa yake ni kusogeza mkaa upande mmoja, mapaja yakae upande usio na moto, ufunike na sufuria kubwa, mwisho kabisa ndo unayaleta juu ya mkaa yapate rangi. Ule wekundu karibu na mfupa usiwatishe peke yake, kuku wa kisasa wanachinjwa wadogo, uboho unavuja, hata aliyeiva anaonyesha. Mi nina kipimajoto, nangoja 80 na kitu kwenye nyama nene. Na jamani acheni kuchemsha kwanza, ladha yote mnaimwaga na maji.

Mama wa Sahare
Kaka hapo kwa kienyeji sikubali. Jogoo wa Muheza ukimpeleka mkaani bila kumchemsha utang'oka meno, na supu yake nani anamwaga? Tunapikia wali.

Kaka wa Duga
Kienyeji sawa mama, nimekuelewa. Mi nasemea wa kisasa.

Mpangaji wa Ngamiani
Na sisi tusio na friji tunalazaje na chumvi?

Mwenye uzi
Usilaze kabisa mdogo wangu, kwa joto letu hili atakuharibikia. Chanja paja mara mbili tatu mpaka kisu kiguse mfupa, ingiza chumvi na thomu kwenye michanjo kwa kidole, washa mkaa, ukikolea na wewe pika. Nilifanya hivyo umeme ulipokatika, tofauti ni ndogo sana.