Malalamiko: Duka la samaki wa mapambo liliniuzia tangi la maji ya bahari na samaki siku hiyohiyo

Ndugu wanajukwaa,

Naleta malalamiko haya nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuyapunguza makali. Duka moja la samaki wa mapambo hapa Dar es Salaam liliniuzia tangi la lita 80, mchanga, pampu, chumvi ya kuchanganyia maji na samaki wanne, vyote katika risiti moja yenye tarehe moja. Nilimweleza muuzaji waziwazi kwamba sijawahi kufuga samaki wa baharini, nikamuuliza kama kuna muda wa kusubiri kabla ya kuwatia majini. Alinijibu kwamba maji yakitulia usiku mmoja yanatosha. Samaki wote wamekufa.

Mtu anayeishi kwa kuuza viumbe hawa anajua fika kwamba tangi jipya halina bakteria wa kusafisha maji. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake muda wote, nayo ni sumu. Katika tangi lililokomaa, kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi na mfugaji huipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji. Bakteria hao hujijenga taratibu juu ya mawe, mchanga na sponji ya chujio, na kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita kutosha. Kumuuzia mteja mgeni samaki kabla ya hapo ni kumuuzia mizoga, tena kwa bei ya samaki hai.

Niliporudi dukani niliambiwa kwamba nimewalisha kupita kiasi. Huo ni uongo, kwa sababu walikuwa wakitweta juu ya maji, matamvua yakiwa mekundu, hata kabla hawajaanza kula vizuri. Jirani yangu anayefuga samaki alikuja na kipimo cha matone, ambacho maji salama huyaacha yakiwa ya njano na amonia ikiwamo huyageuza kijani. Yetu yaligeuka kijani kibichi mbele ya macho yetu. Vipimo vya namna hiyo vilikuwa vimening'inia ukutani nyuma ya muuzaji siku nilipomlipa, na hakunitajia hata kimoja.

Alinielekeza pia kwamba maji yakipungua niongeze ya bahari. Yanayopungua kwa mvuke ni maji matupu, chumvi yote hubaki, kama wanavyojua wote waliowahi kuona mashamba ya chumvi ya Bagamoyo. Ukiongeza maji ya chumvi kila mara, kiwango kinapanda kutoka gramu 35 hivi kwa lita, ambacho samaki hawa wamezoea baharini, hadi kiwaue. Maji ya kufidia mvuke huwa baridi, yaani yasiyo na chumvi, na yaliyoondolewa klorini.

Linaloniuma kuliko fedha ni kwamba mmoja wa wale wanne alikuwa kangaja wa buluu mwenye mkia wa njano, samaki anayeweza kufikia sentimita 30, anayeogelea masafa marefu mwambani. Hata kama maji yangekuwa safi, tangi la lita 80 lisingemtosha kamwe, na muuzaji ndiye aliyenichagulia.

Nimelitaka duka lirudishe fedha za samaki wote wanne na libandike ukutani maelezo ya kukomaza tangi, mahali ambapo mnunuzi atayaona kabla ya kulipa. Limekataa yote mawili. Naomba wenzangu waliouziwa tangi na samaki kwa siku moja waeleze hapa walichoambiwa dukani na watunze risiti zao, kwa sababu nakusudia kupeleka malalamiko haya mbele zaidi na sitaki kwenda peke yangu.