Kuku wako aliwahi kugoma kutaga? Tupeane uzoefu

Mama Banda
Wadau, asubuhi hii nimeokota yai halina ganda. Liko kwenye maranda, laini kama maji ya kandoro. Nina chotara 14 hapa uwani Tabata, trei ilikuwa inajaa kwa siku tatu. Wiki ya pili sasa naokota mawili, matatu. Yaliyowakuta wenzangu ni yapi?

Mzee wa Pumba
Joto hilo, dada. Februari ya Dar kuku anahema mdomo wazi kutwa, anakunywa maji chakula hagusi. Ganda litoke wapi?

Chanika Kwetu
Huna jogoo wewe. Weka jogoo.

Mzee wa Pumba
Jogoo ni wa vifaranga. Yai linatagwa hata jogoo akiwa Kigoma.

Baba Pacha
Umenitonesha kidonda. Mimi niko Kitunda, nilikuwa na mtetea mweusi, watoto wakimwita Bi Harusi kwa kile kishungi chake. Siku moja kaingia kiotani saa mbili asubuhi, saa kumi jioni bado yumo. Nikajua anaatamia. Namtoa, anasimama wima, mkia chini, anajikamua, hakitoki kitu. Kumpapasa chini ya mkia nakutana na kitu kigumu. Yai limekwama.

Umeme hakuna, masika inamwagika, bwana mifugo hapokei simu. Mama akasema chemsheni maji. Tukayapoza yakawa vuguvugu, nikamkalisha kwenye beseni la kuogeshea watoto, nimemshika mabawa dakika ishirini, wife ananimulikia na simu. Nikampaka mafuta ya nazi pale kwenye njia, tukamweka ndani ya boksi, gizani, jikoni. Saa sita usiku tunasikia ko-ko-ko-koo! Yai kubwa hilo, lina michirizi ya damu. Kulipasua asubuhi, viini viwili. Wife alilia.

Wiki iliyofuata likakwama tena, mimi niko kazini. Jirani akajitolea kumsaidia kwa kulikamua. Likapasukia ndani. Siku mbili tu Bi Harusi akaenda. Yule jirani mpaka leo tunapungiana mikono kwa mbali.

Dada wa Goba
Pole sana kaka.

Mtaalamu Uchwara
Mama Banda, nenda duka la mifugo chukua antibiotiki, wape siku tano. Maliza kazi.

Mzee wa Pumba
Antibiotiki ya nini? Kuku ana upungufu wa chokaa unampa dawa ya bakteria! Na mayai ya siku hizo tano, yenye dawa ndani, unampelekea nani?

Mtaalamu Uchwara
Unanijua? Nafuga tangu hujaota ndevu.

Mzee wa Pumba
Nimeuliza mayai unampelekea nani.

Dada wa Goba
Jamani! Mama, ganda linajengwa karibu saa 20, sehemu kubwa usiku kuku amelala. Kwa hiyo chokaa wawekee jioni kwenye chombo chake, kila mmoja adonoe anachohitaji. Chokaa ya mifugo lakini, siyo ya kupaka ukuta. Au kausha maganda ya mayai uyasage.

Kimara Mwisho
Maganda usithubutu! Wangu walianzia hapo hapo wakahamia kwenye mayai mazima. Nikaambiwa nitoboe yai nilijaze pilipili kichaa watakoma. Yule kuku alilila lote, akafuta mdomo chini, akasubiri lingine. Baadaye ndiyo naambiwa ndege hawausikii ukali wa pilipili.

Dada wa Goba
Ndiyo maana nikasema USAGE.

Fundi Cherehani
Mimi nilipoteza miezi miwili. Nimebadilisha chakula, nimewachanja mdondo, tone moja jichoni kila kuku, nimenunua vitamini. Mayai yanapungua tu. Wife akasema tuyatie alama. Kila mchana akawa anaweka nukta ya rangi ya kucha, nyekundu, kwenye kila yai, tunayaacha kiotani mpaka jioni. Siku ya tatu napita kwa muuza chipsi hapo kona, naagiza zege, chipsi mayai. Jamaa ananyanyua yai aligonge, naona nukta nyekundu. Nikamshika mkono. Kumbe mwanangu wa darasa la sita ana akaunti pale: yai mbili, chipsi kavu moja.

Kimara Mwisho
😂😂😂 Ulikula hiyo zege?

Fundi Cherehani
Nilikula. Na nililipa!

Baba Pacha
Huyo dogo usimchape, mfungulie genge.

Chanika Kwetu
Mimi bado nasimama na jogoo.

Mama Banda
Nimerudi. Chokaa nimenunua, chombo cha maji nimekihamishia chini ya mwembe. Halafu mchana nimetia nukta mayai saba. Jioni nimekuta saba, ila binti wa kazi kaniuliza mara mbili, "Mama, kwa nini unachora mayai?"

Fundi Cherehani
Kesho usichore. Hesabu tu.