Mrejesho: brugmansia iliyoachwa nje wakati wa baridi, London

Wakuu, Oktoba niliuliza kama brugmansia, ule mmea wa maua makubwa kama tarumbeta, inaweza kubaki ardhini nje hadi Mei. Imechipua, ila kutoka shinani tu. Asanteni sana!

Jalidi ya kwanza ilipounguza majani, shina lilikatwa likabaki sentimita 30. Juu yake matandazo makavu ya magome, unene sentimita 20, nusu mita kila upande. Plastiki msifunike kabisa: inafungia unyevu, shina linaoza. Na maji yanayotuama huua mizizi upesi kuliko baridi yenyewe, kwa hiyo udongo wa mfinyanzi uchanganyeni na changarawe kabla ya kupanda.

Vaeni glavu mnapokata. Mmea wote una sumu, na utomvu ukiingia jichoni mboni hupanuka.